Safu ya kukaribisha wanachama wapya: mwandikie mwenyeji kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa klabu ya jogingi hapa Nyakato, Mwanza. Tuko kama sitini, na kila Jumamosi asubuhi tunaanzia Buzuruga. Tunatoa kijarida cha kila mwezi, karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, na PDF yake tunaituma kwenye kundi la WhatsApp. Mwenyekiti ameniagiza nianzishe safu ya kuwakaribisha wanachama wapya. Nimeshaandika matoleo mawili, lakini naona hakuna anayeisoma, na wageni wenyewe wanakuja Jumamosi mbili tatu kisha wanapotea. Nimekuambatanishia ukurasa wa 3 wa toleo lililopita. Niandikeje ili mtu ajisikie amekaribishwa? Iwe na urefu gani? Na chini liwekwe jina la mwenyekiti au langu?

JIBU: Marahaba, Katibu. Kwa kuwa wasomaji wengine hawauoni ukurasa wako, naomba ninukuu aya yake ya kwanza: “Uongozi wa klabu unapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwakaribisha rasmi wanachama wapya wafuatao waliojiunga nasi kwa kipindi cha mwezi uliopita. Aidha, wanachama hao wanakumbushwa kulipa ada kwa wakati na kuzingatia katiba ya klabu.” Chini yake yamefuata majina matano, kila moja na cheo, mahali pa kazi na namba ya simu. Pembeni, ndani ya kisanduku cheusi, kuna kichwa WADAIWA WA ADA na majina ya watu.

Nianze na hicho kisanduku, maana ndicho rahisi kurekebisha. Mtu amelipa kiingilio juzi, amenunua fulana ya klabu, amefungua kijarida kutafuta jina lake, na jicho linatua kwa wadaiwa. Hamkukusudia, lakini yeye amesoma hivi: leo uko upande huu wa ukurasa, ukichelewa kidogo tutakuhamishia ule. Kudai ada ni haki yenu, na mweka hazina anaijua kazi yake. Adai kwa simu, mtu mmoja mmoja. Ikiwa mkutano mkuu ndio ulioamua majina yatangazwe, basi yapelekeni ukurasa wa mwisho. Na ile sentensi ya kukumbushwa ada ifute kabisa. Aliyejiunga wiki tatu zilizopita hajasahau kitu.

Sasa safu yenyewe. Unauliza uandikeje ili mgeni ajisikie amekaribishwa, na hapo naona umemwandikia mtu ambaye haihitaji sana hiyo habari. Mgeni anajijua. Jina lake, kazi yake na mtaa wake havimshangazi. Ataviona kwenye karatasi, atafurahi, atamwonyesha mkewe au mumewe, basi. Mwenye shida ni mwanachama wa miaka minne ambaye Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro, atajikuta amesimama na huyo mgeni pale Buzuruga wakinyoosha viungo, hana la kusema. Atasema “mambo”, atajibiwa “poa”, na mazungumzo yatafia hapo. Kisha kila mmoja atainamia kamba za viatu vyake kana kwamba zimefunguka. Sisi watu wa ziwani hatuna ubahili wa maneno, lakini mtu mzima mbele ya asiyemjua anahitaji pa kuanzia. Kazi ya safu yako ni kumpa huyo wa zamani pa kuanzia. Ukifanikiwa hapo, mgeni atakaribishwa kwa mdomo, na wengi, tena asubuhi ileile.

Kwa hiyo kila ukimaliza mistari ya mtu mmoja, simama ujiulize: aliyesoma hii, Jumamosi atamwuliza nini huyu mtu? Ukikosa jibu, hujamaliza.

Chukua mfano. “Bwana K., fundi pikipiki, Igoma.” Hapo hakuna cha kuuliza. Ila ukiandika, “Bwana K. ana karakana ya pikipiki Igoma na Jumamosi lazima afungue saa mbili, kwa hiyo mkimwona anaondoka kabla ya supu msidhani amenuna,” umeshafanya makubwa. Atatokea mwenye pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi, atatokea wa kumwambia supu yake atafungiwa, na hakuna atakayesema pembeni kwamba huyu mgeni anajitenga. Au huyu: “Bi. N., mwalimu.” Walimu Mwanza wapo wengi. Lakini kama Bi. N. amehamia kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na analalamika kwamba bei ya sato hapa mjini inamtoa machozi, andika hilo. Nakuhakikishia kabla hamjafika Mabatini atakuwa ameshatajiwa kila mwalo, kuanzia Kirumba hadi Igombe, na kila anayemshauri ataapa kwamba mchuuzi wake ndiye mwaminifu kuliko wote.

Habari za namna hii hazitoki kwenye fomu ya uanachama. Fomu inauliza umri, makazi na wategemezi kwa sababu ya mfuko wa misiba, na inafanya vizuri kuuliza hivyo. Wewe ulipokosa la kuandika ukanakili fomu, ndiyo maana safu inasomeka kama fomu. Ongea na mtu. Wakati mzuri ni baada ya mbio, mnapotembea kupoza mwili, na dakika tano zinatosha. Usitoe daftari, ukitoa daftari mtu anabadilisha sauti na kuanza kukujibu kama yuko redioni. Sikiliza, kisha ukifika nyumbani andika.

Maswali yangu mimi ni haya, na wewe utapata yako. Nani alikuleta, au ulituonea wapi? Usingekuja kukimbia, Jumamosi saa hizi ungekuwa unafanya nini? Kuna kitu gani unakijua vizuri ambacho watu hawakudhanii? Hilo la pili ndilo linalonipa mengi, kwa sababu mtu hutaja maisha yake halisi: anapika uji wa kuuza, analala tu, anakwenda Kisesa kumwona mama.

Lipo na la nne, ambalo majibu yake si lazima yaandikwe: siku ya kwanza ulipokuja, ulikwama wapi? Klabu moja ya Ilemela niliyoisaidia kuhariri jarida ilikuwa na mgeni aliyejibu kwamba alikimbia na funguo za nyumba na za duka mkononi njia nzima, kwa sababu hakujua wenzake wanaacha wapi vitu vyao. Wenyeji wote walikuwa wanaacha kwa mama mmoja muuza chai, jambo ambalo kila mtu alilijua hadi likawa halisemwi. Baada ya hapo sentensi moja kuhusu mama wa chai ikawa haikosi kwenye safu. Mambo kama hayo ndiyo yanayomfukuza mtu kimyakimya, na wenyeji hamwezi kuyaona kwa sababu mmeyazoea.

Sasa niseme lililo gumu zaidi. Wageni wako hawapotei kwa sababu ya safu. Nikisoma barua yako, na nikiijua barabara kutoka Buzuruga kuteremkia mjini, nadhani ninajua kinachotokea: kundi la mbele linaondoka kwa kasi yake na nyimbo zake, mgeni anaachwa, anamaliza peke yake akihema, na anapofika wenzake wameshapiga picha ya pamoja. Jumamosi ya tatu anakumbuka kwamba ana nguo za kufua. Hapo hata ungeandika kwa kalamu ya dhahabu usingemrudisha. Lakini safu inaweza kufanya jambo moja ambalo uongozi ukilitangaza kwa mdomo linasahaulika: kumtaja kwa jina mtu atakayekuwa nyuma. “Jumamosi hii kundi la nyuma liko na Bi. R.” Likishachapwa, Bi. R. hawezi kukimbilia mbele, na mgeni anajua amtafute nani. Badilisheni kila wiki, na ikibidi orodha ya mwezi mzima iwekwe hapohapo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hili waandishi wa karibisho hulisahau, wanabaki na ule mwingine wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mpe mtu kazi ndogo mapema: kubeba maji, kuhesabu watu mnapogeuza, kupiga picha. Kisha iandike. “Maji ya Jumamosi ijayo yako kwa Bwana K.” Aliyeaminiwa maji ya watu sitini atakuja.

Kuhusu vyeo. Orodha yako imeanza na afisa wa halmashauri akiwa na mistari mitatu, na imemalizika na dereva wa bodaboda akiwa na nusu mstari. Najua ulikotoka, sisi hatufungui hata harusi bila itifaki kuzingatiwa. Ila klabu ya jogingi ni miongoni mwa mahali pachache ambapo bosi na dereva wanavaa fulana ya rangi moja na wote wanatoa jasho, na wengi wanajiunga kwa sababu hiyohiyo. Panga majina kwa tarehe ya kujiunga na uwape wote mistari sawa. Kazi itajwe tu pale inapompa msomaji cha kuuliza. Huyo afisa akiwa mtu wa maana hatalalamika, na akilalamika basi mmemjua mapema.

Yapo ya kutoandikwa hata kama yanavutia. Namba za simu za watu zitoe leo. Kijarida kikishaingia WhatsApp hakina mlango, na binti aliyejiunga juzi hataki kupigiwa usiku na mtu anayesema alipata namba “kwenye gazeti lenu”. Ugonjwa ni marufuku kabisa. Kwenye jogingi wengi wameletwa na daktari, kwa sukari, presha au uzito, na mtu atakuambia mnapotembea kwa sababu ameshakuamini. Ibaki kwako. Kwenye toleo lako la kwanza uliandika kwamba mmoja “amejiunga ili kupambana na uzito uliopitiliza”; nakuomba hilo lisirudiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na habari za afya ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Sidhani klabu yenu itapelekwa popote, lakini adabu yenyewe inatosha kuwa sababu. Kabila na dini viache, ndoa na talaka usiviguse. Picha omba ruhusa kwanza, ya mtoto omba kwa mzazi. Na kabla ya kuchapa, msomee mhusika mistari yake, au mtumie kwa ujumbe. Mara nyingine atakuomba ubadilishe neno moja tu. Mara nyingine atakuomba usitaje kabisa kwamba alikuja Jumamosi ile, kwa kuwa kazini aliaga kuwa anaumwa.

Kwenye lugha sina mengi. “Kuchukua fursa hii adhimu”, “aidha”, “wafuatao”, “kwa niaba ya uongozi mzima” ni maneno ya barua ya mtendaji wa kata. Andika kama unavyomweleza rafiki kwamba kuna watu wapya. Salamu moja ya Kisukuma inapendeza, mwangaluka pale juu haina ubaya, ila isizidi hapo: mna Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya na waliotoka mbali zaidi, na mgeni asiyeelewa salamu ndefu anaanza kwa kujiona mgeni mara mbili. Tahadhari zaidi na mizaha ya ndani. Nimeona mnaita kile kipande cha kupanda “Kwa Pilato”. Ni jina zuri sana, lakini mara ya kwanza lieleze kwa maneno machache ili na mgeni acheke. Mzaha usioelezwa ni mlango uliofungwa kwa ndani.

Nimekuandikia mfano. Mambo ya watu humu nimeyabuni, wewe weka ya kweli uliyoyasikia:

“SURA MPYA. Mwangaluka! Jumamosi mtaona watu watatu wapya pale Buzuruga. Bwana K. ana karakana ya pikipiki Igoma na lazima afungue saa mbili, kwa hiyo akiondoka kabla ya supu msidhani amenuna. Bi. N. amehamia kutoka Nansio na bado hajakubaliana na bei ya sato ya hapa mjini. Mwenye mchuuzi mwaminifu amsogelee. Bi. T. anasema mara ya mwisho kukimbia ilikuwa shule ya msingi, na kwa sasa atatembea hadi Mabatini na kurudi. Atakuwa na Bi. R., anayekaa na kundi la nyuma Jumamosi hii. Yeyote anayejisikia kutembea aungane nao. Begi na funguo tunaacha kwa mama wa chai, anajua. Tukirudi tunakaa kwenye supu, kila mtu analipia yake, na asiyekunywa anakaa nasi vilevile. Una ndugu au jirani anayetaka kujaribu? Tunaanza saa 12:00 asubuhi, na siku ya kwanza halipi chochote.”

Urefu wake ni kama maneno 120, na huo ndio urefu ninaokushauri. Karatasi yenu ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, na ukurasa mmoja kwa herufi za kusomeka unabeba maneno kati ya 250 na 300. Safu ichukue nusu ukurasa, iwe ukurasa wa 2, mahali ambapo mtu anafika kabla hajachoka. Mkipata wageni wanane mwezi mmoja, gawa: wanne sasa, wanne toleo lijalo. Kuwabana wote kunakurudisha kwenye orodha ya majina.

Lile swali la kutosomwa lina jibu lingine pia, nalo liko kwenye simu. Umeniambia mnatuma PDF. Ukurasa wa A4 kwenye simu ndogo unakuwa na herufi za mchwa, mtu anautanua kwa vidole mara mbili, anachoka. Umewahi kutazama ngoma za Bagika na Bagalu, wachezaji mahasimu wa Kisukuma, pale Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya mwezi wa sita: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, watazamaji wanahamia wanakovutwa, na kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Kwenye simu safu yako inacheza mkabala na matokeo ya mpira na video za vichekesho. Basi itoe kwenye PDF, ibandike kama ujumbe wa kawaida Ijumaa jioni, ili Jumamosi iwe bado kichwani. Karatasi chache za kuchapwa ziendelee, kwa wazee na kwa kubandika ukutani pale mnapokutana. Steshenari hawatakudai kikubwa kwa nakala chache.

Utafika mwezi ambao hakuna aliyejiunga. Usiandike “mwezi huu hatukupata mwanachama mpya”. Mnajitangazia njaa bure. Mrudie aliyejiunga miezi sita iliyopita na useme amefika wapi: Bi. T. aliyekuwa anatembea hadi Mabatini sasa anafika kwenye kipilefti cha samaki akikimbia, na anawakejeli wanaotembea. Au mkaribishe aliyerudi, maana klabu zetu zina watu wanaopotea kwa uzazi, kwa msiba, kwa kazi ya visiwani, na anayerudi huwa na aibu kuliko mgeni. Mistari miwili kwamba kiti chake cha supu kilikuwa wazi inamtosha. Ila muulize kwanza kama anataka itajwe.

Mwisho, la jina. Weka lako. Wewe ndiye uliyetembea nao na kuwasikiliza, na mgeni mwenye swali dogo la aibu atakuuliza wewe kabla ya kumwuliza mwenyekiti. Mwenyekiti tayari ana ukurasa wa 1. Akiona vibaya, mpange awe na kundi la nyuma Jumamosi moja, kisha uandike katikati ya safu kwamba wiki hii wanaotembea watatembea na mwenyekiti. Hapo jina lake litasomwa kuliko likikaa chini ya saini.